Kutoka Mbwa hadi Kaunti ya 14: Asili ya Mipaka ya Meru na Embu

Anayesafiri kutoka Embu kwenda Meru kwa barabara kuu hupita Runyenjes, huteremka kwenye bonde la mto Thuci, huvuka daraja, kisha hupanda ng'ambo ya pili kuelekea Chuka. Hapo ameiacha Kaunti ya Embu na kuingia Tharaka-Nithi. Akizidi kwenda, baada ya Chogoria na kabla ya Igoji, anaingia Meru. Vibao vya mipakani katika kaunti zetu humkaribisha mgeni na kumtakia safari njema. Havimwambii mpaka uliwekwa lini, uliwekwa na nani, wala kwa nini ulipita kwenye mto huu na si mto mwingine.

Ukimya huo una gharama. Watu wakikosa kuelezwa asili ya mpaka, hujijazia wenyewe. Wako wanaoamini kwamba Thuci umewatenga Waembu na Wameru tangu Mungu aumbe mlima. Wako wanaoamini kwamba kila kilichomo ndani ya kaunti yao ni urithi wa babu, na kilichomo nje ni cha wageni. Ukweli ni kwamba katika eneo hili kuna asili za namna mbili. Ya kwanza ni ya watu: ni ndefu, ina mchanganyiko mwingi, na imehifadhiwa katika simulizi za wazee. Ya pili ni ya kaunti: ni fupi, ina tarehe na sahihi, na imehifadhiwa katika magazeti ya serikali. Ugomvi mwingi wa mipaka unaotusumbua leo hutokea pale asili ya pili inapodai heshima ya ile ya kwanza.

Mlima na mito

Kabla ya mtu yeyote kuchora mpaka, ardhi yenyewe ilikuwa imeshachorwa na maji. Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, unamwaga mito yake ya mashariki kuelekea Tana: Rupingazi, Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Kathita na mingine mingi. Kila mto umechimba bonde lake, na kati ya bonde na bonde kuna mgongo mrefu unaoshuka kutoka msitu wenye baridi hadi nyika yenye joto kali. Juu kuna chai, chini yake kahawa na ndizi, kisha mahindi, na mwisho mtama, uwele, ndengu, mbuzi na mizinga ya nyuki.

Kwa hiyo eneo hili lina mistari ya aina mbili. Mmoja ni wa mito inayoteremka, unaotenga mgongo na mgongo: Embu huku, Chuka kule, Muthambi, Mwimbi, Igoji na Imenti kuelekea kaskazini. Mwingine ni wa mwinuko, unaotenga watu wa baridi na watu wa jua: Waembu juu na Wambeere chini, Waimenti na Watigania juu na Watharaka chini. Karibu kila mpaka wa kiutawala uliowekwa baadaye ulifuata mmoja wa mistari hiyo miwili, na karibu kila mgogoro ulitokana na swali la ni mstari upi unaostahili kufuatwa.

Walipofika wakulima wanaosema lugha za Kibantu, hawakukuta ardhi tupu. Simulizi za Embu, Chuka na jirani zao zinawataja Wagumba, wawindaji waliokuwa na makao yaliyochimbwa ardhini, ambao mashimo yao wazee waliyaonyesha vizazi na vizazi. Wenyeji hao walifukuzwa, wakaoa na kuolewa, au wakameng'enywa ndani ya koo mpya. Aliye wa kwanza kabisa hapa hana kaunti inayobeba jina lake.

Simulizi ya Mbwa

Wazee wa Meru husimulia kwamba watu wao walitoka Mbwa, mahali palipozungukwa na maji ya chumvi, walikotawaliwa kwa ukali na Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Watawala hao waliwapa majaribu yasiyowezekana ili wapate sababu ya kuwaangamiza. Walitaka kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Walitaka mkuki mrefu wa kugusa mbingu. Majaribu yaliposhinda hila zote, watu walitoroka wakiongozwa na mzee anayetajwa kwa jina Koomenjoe, wakayavuka maji. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limechomoza wakawa Njeru, weupe. Mgawanyo huo wa koo ulidumu hadi nyakati za karibuni.

Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyekusanya simulizi za wazee wa Meru baada ya uhuru, aliielekeza Mbwa kwenye kisiwa cha Manda, huko Lamu. Kabla yake, H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, naye aliamini kwamba kumbukumbu hiyo ni ya pwani. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kumkumbuka Lambert kwa jambo lingine: ndiye aliyetafiti lahaja kama Kijomvu na Kivumba na kuandika juu yake. Ofisa huyo aliwasikiliza wazee wa mlimani na wazee wa pwani, na haishangazi kwamba aliona njia inayowaunganisha.

Lakini Mbwa si simulizi ya kila mtu anayeitwa Mmeru leo. Jina Meru limekusanya Waigembe, Watigania, Waimenti, Waigoji, Wamwimbi, Wamuthambi, Wachuka na Watharaka, na hao hawakutoka mlango mmoja. Wachuka hasa wanajiona tofauti, na lahaja yao iko karibu na Kiembu katika mambo mengi. Msafiri mwenye sikio zuri husikia lugha zikibadilika kidogo kidogo kutoka Runyenjes hadi Maua, na hakuna daraja ambalo akilivuka husikia lugha moja ikikatika na nyingine ikianza.

Mwene Ndega na Igambang'ombe

Upande wa Embu simulizi kuu ni ya Mwene Ndega. Inasemwa aliishi karibu na mahali palipo Runyenjes leo, na kichaka chake kitakatifu kinajulikana hadi sasa. Alimpata mke, Nthara, wakazaa watoto. Mwana wao Kembu na binti yao walifanya jambo lililokatazwa kati ya ndugu, wakafukuzwa nyumbani, na uzao wao ndio uliokuja kuitwa Embu. Mwanahistoria H. S. Kabeca Mwaniki, aliyechapisha historia hai ya Embu na Mbeere mwaka 1973, aliwafikia wazee waliokuwa bado wanaisimulia, na kazi yake imebaki hazina kubwa ya eneo hili.

Simulizi hii ina unyenyekevu. Haimfanyi mwanzilishi wa taifa kuwa shujaa wa vita wala mteule wa mbinguni. Inasema chanzo chetu ni familia iliyovunjika na vijana waliolazimika kuanza upya. Kuhusu Wambeere, zipo simulizi zinazosema wao na Waembu walikuwa kitu kimoja, wakagombana, na walioshindwa wakashukia nyika. Ndugu walitengana, na baadaye utengano wao ukapewa mpaka.

Sasa tazama kinachotokea tukiziweka simulizi kando kwa kando. Godfrey Muriuki, katika historia yake ya Wakikuyu iliyotoka mwaka 1974, alionyesha kwamba Igambang'ombe, katika nyanda za chini karibu na Tana, panatajwa kuwa kituo cha mtawanyiko na makundi kadhaa: Wachuka, Waembu, Wambeere, Wandia, Wagichugu na hata sehemu ya Wakikuyu. Igambang'ombe leo ni sehemu ya jimbo la uchaguzi la Chuka/Igambang'ombe, katika Kaunti ya Tharaka-Nithi. Yaani mahali ambapo Waembu wengi wangepahesabu kuwa nyumbani pa mababu pamo katika kaunti ya jirani. Ramani ya asili na ramani ya utawala zimepishana, na hakuna kosa katika hilo. Kosa ni kutarajia zilingane.

Mpaka kabla ya kalamu

Mipaka ilikuwapo zamani, tena ililindwa. Wachuka waliufanya msitu kuwa ngome, wakaacha njia chache zenye malango. Vijana wa migongo jirani walivamiana kutafuta ng'ombe. Lakini kila uadui ulikuwa na mlango wake. Wameru na Watharaka walikuwa na gichiaro, mapatano ya undugu yaliyoapiwa kati ya makundi. Wenye gichiaro hawakuruhusiwa kudhuriana, kudanganyana wala kunyimana, na kuvunja kiapo hicho kuliaminiwa kuleta laana. Mpaka wa namna hiyo ulimwambia mtu nani anamdai wema, si nani anaweza kumfukuza.

Pia palikuwa na masoko. Watu wa juu walishusha ndizi, viazi na maharagwe. Watu wa chini walipandisha mbuzi, asali na ngozi. Wakamba walivuka Tana na kupita Mbeere na Tharaka wakitafuta pembe za ndovu za kupeleka Mombasa. Katika mtandao huo ndimo Ulaya ilipopata habari za mlima. Mwaka 1849, akiwa Kitui kwa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi, mmisionari Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya kwa mbali, na huko alikutana na Rumu wa Kikandi, mtu wa Embu, aliyemweleza habari za mlima huo wenye weupe kileleni. Miaka miwili baadaye Kivoi aliuawa karibu na Tana, na Krapf akanusurika. Mnamo 1892 na 1893 Mmarekani William Astor Chanler na Mwaustria Ludwig von Höhnel walifika hadi vilima vya Nyambene pamoja na wapagazi kutoka Zanzibar, na Kiswahili kikasikika kambini mwao muda mrefu kabla ya ofisi yoyote ya serikali kujengwa.

Njaa kuu ya 1897 hadi 1901 iliupima mpangilio huo wa zamani. Ukame, magonjwa ya mifugo na ndui viliwamaliza watu wa nyanda za chini. Waliosalia walipanda mlimani. Wengine waliwaacha binti zao kwa wenye chakula, wengine walijiunga na koo za wenyeji wao na hawakurudi. Mwanahistoria Charles Ambler, katika kitabu chake cha 1988 kuhusu jamii za Kenya ya kati, alieleza jinsi mienendo hiyo ilivyoziunganisha Embu, Mbeere, Chuka, Kitui na jirani zao. Familia nyingi zinazojiita za Embu asilia au za Imenti asilia zina bibi aliyepanda mlima katika miaka ile akiwa na njaa. Hiyo nayo ni sehemu ya asili, na haitajwi mara nyingi kwenye mikutano ya hadhara.

1906 na 1908

Asili ya pili, ile ya ofisi, ilianza kwa risasi. Mwaka 1904 kikosi cha Waingereza kilipigana na watu wa Ndia na Embu. Mwaka 1906 jeshi la King's African Rifles lilirudi Embu. Waembu walipigana kwa mikuki na ngao dhidi ya bunduki; mamia waliuawa na maelfu ya mifugo yakachukuliwa. Baada ya hapo boma la serikali lilijengwa, na mji wa Embu ukaanza.

Habari za Embu zilitangulia kaskazini. Mwaka 1908 Edward Butler Horne, ofisa kijana aliyekuwa amehudumu Embu, alifika Meru. Wazee wengi, wakijua yaliyowapata jirani zao, walichagua mazungumzo. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi kwa jinsi alivyozunguka kila mahali, alijenga boma ambalo lilikua na kuwa mji wa Meru. Jengo la zamani la mkuu wa wilaya katika mji huo ndilo leo Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 1974.

Tangu hapo kila mtu alilazimika kuwa wa boma fulani. Kodi ililipwa kwa boma. Kesi zilipelekwa kwa boma. Machifu waliteuliwa kwa mgongo na kata, hata mahali ambapo hapakuwahi kuwa na chifu, kwa kuwa eneo hili lilitawaliwa na mabaraza ya wazee na marika, si na watu binafsi wenye vyeo. Mto ambao kwa vizazi ulikuwa mahali pa kuvukia na kunyweshea mifugo ukawa mstari unaoamua karani yupi ana jina lako katika daftari lake.

Makanisa yaliongeza mistari yao. Waanglikana walianza Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti walifika Kaaga, Meru, mwaka 1912, na Wakatoliki wa Consolata kutoka Italia nao wakaingia Imenti. Wapresbiteri wa Skoti walianza Chogoria mwaka 1922 chini ya daktari Clive Irvine. Vitabu vya dini na vya shule vilihitaji lahaja moja ya kuandikia, na uchaguzi wa kila kanisa ukazipa baadhi ya lahaja nguvu kuliko nyingine. Hivyo Umeru na Uembu vikawa vitu vya kufundishwa darasani.

Wilaya inazaa mali yake

Mwaka 1926 serikali ilitangaza rasmi mipaka ya maeneo yaliyoitwa hifadhi za wenyeji. Tume ya Ardhi ya Kenya ya Morris Carter, iliyofanya kazi kuanzia 1932 na kutoa ripoti mwaka 1934, iliyapanga maeneo hayo kwa makabila. Mtu alihesabiwa kuwa na ardhi kwa sababu kabila lake limepewa eneo, na ili adai ardhi ilimbidi kwanza athibitishe kabila. Lambert, kwa upande wake, aliirudishia hadhi ya kiserikali Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru, na kulitumia katika utawala wa wilaya. Baraza hilo lina ukumbi wake mtakatifu Nchiru, Tigania, na karibu nao leo kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichojengwa kwenye ardhi iliyotolewa na wazee hao. Baraza la kale lilipata nguvu mpya kwa sababu lilitoshea ndani ya wilaya, na wilaya ikapata roho kwa sababu ilikuwa na baraza.

Uchumi nao ulifuata. Katika miaka ya 1930, wakati Waafrika wengi wa Kenya walikuwa bado wamekatazwa kulima kahawa, Meru na Embu pamoja na Kisii ziliruhusiwa kwa majaribio. Vyama vya ushirika vikaanzishwa, viwanda vya kukoboa vikajengwa kando ya mito, na karo za shule zikalipwa. Kila wilaya ilikuwa na ushirika wake na baraza lake la wenyeji lililokusanya ushuru wake. Kizazi kimoja kilitosha kuufanya mpaka wa ofisi uwe mpaka wa mfuko.

Hali ya hatari na kura ya 1957

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, serikali iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kundi moja. Kundi hilo la maandishi lilikuwa na matokeo ya kweli: vibali vya kusafiri, vijiji vya kulazimishwa, kambi za kizuizini. Watu wa Chuka waliyaona mwezi Juni 1953, wakati askari wa King's African Rifles walipowaua wanaume wapatao 20 wasio na hatia, miongoni mwao walinzi wa upande wa serikali yenyewe. Msituni, upande wa wapigania uhuru, walikuwamo makamanda kutoka Meru kama Musa Mwariama na Baimungi M'Marete, waliotoka mafichoni wakati wa uhuru. Baimungi aliuawa na majeshi ya serikali mpya mwaka 1965.

Kundi hilo moja halikutendewa sawasawa. Katika uchaguzi wa Machi 1957, ambao ulikuwa wa kwanza kwa Waafrika kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, wapiga kura wa Kikuyu, Embu na Meru walitakiwa kuwa na cheti cha utiifu kwa serikali. Meru iliandikisha wapiga kura wengi kuliko wilaya za Wakikuyu, na mwalimu Bernard Mate akamshinda Eliud Mathu, mkongwe wa baraza hilo. Kwa mara ya kwanza siasa za mlimani zilionyesha kwamba hesabu ya watu ndani ya mpaka inaweza kubadilisha nani anazungumza kwa niaba ya nani. Funzo hilo halikusahauliwa.

Tume ya 1962 na jimbo jipya

Hadi wakati huo Meru na Embu zilikuwa katika Mkoa wa Kati, makao yake yakiwa Nyeri. Wilaya ya Embu ilikuwa kubwa kuliko Embu ya leo, maana ilizijumlisha Ndia na Gichugu pamoja na Embu na Mbeere. Mwaka 1962, katika maandalizi ya katiba ya majimbo, Tume ya Mipaka ya Mikoa ya Sir Stafford Foster-Sutton ilizunguka nchi ikiwasikiliza wenyeji. Matokeo yake yaliupasua mlima upya. Meru na Embu ziliwekwa katika Mkoa wa Mashariki, pamoja na Machakos, Kitui na nyika za kaskazini. Ndia na Gichugu zikabaki Mkoa wa Kati na kuwa wilaya mpya ya Kirinyaga. Mji wa Embu ukawa makao makuu ya mkoa uliofika hadi mpaka wa Ethiopia.

Watu wa Gichugu na watu wa Embu, waliokuwa wakilipa kodi katika daftari moja, waliamka mwaka 1963 wakiwa wa mikoa miwili. Siasa zikajaribu kuunganisha kilichotengwa: mwaka 1971 kikaundwa chama cha GEMA cha Wakikuyu, Waembu na Wameru, kilichokuwa na nguvu kubwa hadi vyama vya kikabila vilipopigwa marufuku mwaka 1980. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikiijenga Tana kuwa chanzo cha umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mto uliokuwa mpaka kati ya Mbeere na Ukambani ukawa mali ya taifa zima, na swali la nani anayestahili faida ya maji yake bado linajadiliwa na kaunti zinazopakana nao.

Hadi mwisho wa miaka ya 1980, mto Thuci ulitenga wilaya mbili tu: Embu na Meru. Kisha mwaka 1992, kwa sheria ya Bunge, Wilaya ya Meru ilikatwa, na Tharaka-Nithi ikazaliwa katikati. Kukata kuliendelea: Nyambene ilitengwa na Meru, Mbeere ikatengwa na Embu mwaka 1996, Tharaka ikatengwa na Nithi mwaka 1998. Wilaya mpya ilimaanisha ofisi, ajira na ishara ya kwamba serikali inawatambua wenyeji, na ilitolewa zaidi katika majira ya kura. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliamua kwamba wilaya zilizoundwa bila sheria ya Bunge hazikuwa halali. Zilizosalia kisheria ni zile za sheria ya 1992.

Hiyo ndiyo sababu ramani yetu iko ilivyo. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilizichukua wilaya hizo za 1992 na kuzifanya kaunti 47. Meru ikawa nambari 12, ikizirudisha Nyambene na Imenti pamoja. Tharaka-Nithi ikawa nambari 13. Embu ikawa nambari 14, ikiwa na Mbeere ndani yake. Kama katiba ingechukua ramani ya 1991, Thuci ungetenga Meru na Embu. Kama ingechukua ile ya 1998, Mbeere na Tharaka zingekuwa na magavana wao. Kaunti zetu ni picha ya mwaka mmoja katika safari ya karne nyingi.

Mahali panapouma

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 Meru, 608,599 Embu na 393,177 Tharaka-Nithi. Ndani ya kila kaunti, mstari wa mwinuko bado uko hai. Tharaka-Nithi iliweka makao yake Kathwana, kati ya Chuka ya juu na Tharaka ya chini, ili upande wowote usijione umemezwa. Huko Embu, mjadala wa mgao wa rasilimali kati ya watu wa kahawa na watu wa Mbeere wanaolima muguka hurudi kila bajeti inaposomwa.

Mipakani mambo huwa mazito zaidi. Watharaka na jirani zao wa Tigania na Igembe, watu waliounganishwa na viapo vya gichiaro, wamepoteza jamaa katika mapigano ya ardhi. Meru na Isiolo zinavutania mstari wa kaskazini, na kiwanja cha ndege cha Isiolo kina njia ya kurukia iliyoingia upande wa Meru. Kwenye ardhi ya makazi ya Mwea, Mbeere Kusini, Wambeere, Waembu, Wakamba na Wakikuyu wamekuwa na madai yanayokinzana kwa miaka mingi. Katika kila mgogoro huo utasikia kila upande ukiapa kwa mababu. Ni vigumu kumpata mzungumzaji anayetaja 1926, 1934, 1963 au 1992, ingawa miaka hiyo ndiyo iliyoamua mstari unaopiganiwa.

Sheria ina njia yake. Kifungu cha 188 cha Katiba kinasema mpaka wa kaunti hubadilishwa kwa pendekezo la tume huru linalopitishwa na theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Ni njia ngumu, na imewekwa ngumu kwa makusudi. Lakini mpaka hauhitaji kubadilishwa ili uache kuua. Unahitaji kueleweka ulivyo: makubaliano ya kiutawala kuhusu nani anakarabati barabara ipi na nani anakusanya ushuru wa soko lipi. Aliyezaliwa upande wa pili hapotezi asili yake, na aliyehamia upande huu haibi asili ya mtu.

Kibao kinachostahili

Kwa hiyo napendekeza vibao vya kihistoria vijengwe mahali palipo na mpaka na mapito ya watu: kwenye daraja la Thuci, kati ya Chogoria na Igoji, kwenye barabara ya kuteremkia Tharaka, na mahali Embu inapokutana na Kirinyaga. Viwe vya mawe au chuma kisichoharibika, na maandishi yake yawe katika Kiswahili na katika lugha za pande zote mbili. Kila kibao kiseme mambo mawili bila kuyachanganya. Kwanza, watu wa pande hizi wanajisimuliaje: Mbwa na rangi zake tatu, Mwene Ndega na Nthara, Igambang'ombe, Wagumba waliotangulia, njaa ya 1897 na waliopanda mlima. Pili, mpaka huu uliwekwa lini na kwa sheria ipi: boma la 1906, boma la 1908, tume ya 1962, sheria ya 1992, Katiba ya 2010. Msafiri akisoma sehemu hizo mbili ataona mwenyewe kwamba hazilingani, na ataelewa kwa nini.

Kazi hii haihitaji mamlaka mapya. Nyongeza ya Nne ya Katiba inazipa kaunti jukumu la makumbusho na shughuli za utamaduni, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana wataalamu wake na tawi lake hapo Meru. Njuri Ncheke wapo. Wazee wa Embu, Mbeere, Chuka na Tharaka wapo, ingawa kila mwaka wanapungua na sauti zao nyingi hazijarekodiwa. Vyuo vikuu vya Chuka, Embu na Meru vina vijana wa historia na isimu wanaotafuta mada za utafiti. Kinachohitajika ni mabunge ya kaunti husika kukubaliana kuandika maandishi mamoja, kisha kila moja lilipie kibao cha upande wake.

Kukubaliana huko ndiko kazi yenyewe ilipo. Kamati ya wazee na wasomi kutoka Runyenjes na Chuka ikikaa meza moja kuamua maneno ya kibao cha Thuci, italazimika kuzisikiliza simulizi za kila upande na kuzikagua tarehe pamoja. Ikimaliza, itakuwa imefanya kwa mpaka mmoja kile ambacho tume za kikoloni hazikufanya: kuwauliza watu wa pande zote mbili kwa wakati mmoja, wakisikilizana. Mtindo huohuo ukihamishiwa Tharaka na Tigania, halafu Meru na Isiolo, wazee watakuwa na kitu cha kuwashikisha vijana kabla hawajashika panga: historia iliyoandikwa na pande zote mbili, iliyosimamishwa barabarani, na ambayo hakuna mwanasiasa anayeweza kuipinda bila msafiri yeyote kumkosoa.